Mkono Unaotetemeka Hauna Hatia

Sisi wanaisimu tunafundisha kwamba ishara haijisomi yenyewe. Husomwa na anayeitazama, kwa kadiri ya elimu aliyo nayo. Moshi ufukao juu ya paa la makuti waweza kuwa habari ya chakula kinachopikwa, na waweza kuwa habari ya nyumba inayoungua. Moshi ni ule ule. Tofauti imo katika ujuzi wa mtazamaji. Mwili wa binadamu nao ni mwingi wa ishara, na wakati mwingine mtu huishi kwa heshima au hufa kwa fedheha kulingana na namna majirani wanavyozisoma ishara za mwili wake.

Hebu tuangalie mfano wa Kakuyuni, kwenye barabara itokayo mjini Malindi kuelekea Jilore na Lango Baya. Mzee ameketi chini ya mwembe, mkono wake wa kulia umelala juu ya paja, nao unatetemeka bila yeye kuutetemesha. Kidole gumba chasugua kile cha shahada kana kwamba anafikicha ugoro. Wapita njia watatu wanamwona. Wa kwanza anasema: mnazi umemmaliza. Wa pili anasema: ana pepo. Wa tatu anangoja wafike mbali kidogo, kisha anateremsha sauti na kutamka neno ambalo kila Mgiriama analijua na kuliogopa: utsai, yaani uchawi.

Majina hayo matatu si maneno matupu. Kila moja lina mlango wake. Aitwaye mlevi hupuuzwa. Aitwaye mwenye pepo hupelekwa kwa mganga, mbuzi na kuku wakatolewa, na miaka ikapita. Aitwaye mchawi yumo hatarini kupoteza uhai wake. Jina la nne, ambalo mlango wake ni wa zahanati, halikutajwa na yeyote kwa sababu halijulikani. Jina hilo ni ugonjwa wa Parkinson. Dai langu katika makala haya ni moja: kulifundisha jina hilo, pamoja na maana yake na tiba yake, ni kazi ya shule kama ilivyo kazi ya hospitali.

Tuanze na historia, maana majina ya magonjwa nayo yana historia yake. Mwaka 1817, daktari mmoja wa London aliyeitwa James Parkinson alichapisha kijitabu kuhusu maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza habari za wagonjwa sita tu, na baadhi yao hakuwapima kamwe. Aliwaona wakipita barabarani, akautazama mwendo wao, akaandika. Huo ulikuwa usomaji wa ishara uliotukuka. Hata hivyo jina alilolichagua lilikuwa na kasoro. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Jean-Martin Charcot, bingwa wa Ufaransa, alibainisha kwamba wagonjwa hawa hawakupooza. Nguvu za misuli wanazo, ila mwili unachelewa kutii. Isitoshe, wapo wasiotetemeka kabisa. Charcot akapendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la yule aliyeueleza kwanza. Somo hapo ni kwamba hata wataalamu walilazimika kulisahihisha jina kabla ya kuusahihisha uelewa.

Je, ni nini kinachotokea mwilini? Ndani kabisa ya ubongo, chini katika shina lake, mna kisehemu kidogo chenye rangi nyeusi. Chembe hai za hapo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuurahisishia mwili miondoko: kuinua kikombe, kugeuka kitandani, kufunga kifungo cha shati, kutabasamu. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa polepole, na aghalabu mtu hatambui lolote mpaka sehemu kubwa imekwisha kupotea. Dopamini ikipungua, amri ya ubongo hufika kwa kusitasita. Ni kama dau ambalo nahodha yumo, tanga limo, lakini kamba zimekaza na hazitaki kupita katika kapi.

Kwa wengi kwa nini chembe hizo hufa haijabainika. Kwa wachache ipo asili ya kurithi. Umri ndio unaochangia zaidi. Wengi huanza kuugua baada ya miaka 60, ingawa wapo wanaoanza mapema, na wanaume ni wengi kidogo kuliko wanawake. Ugonjwa hauambukizi. Haushiki kwa kula pamoja wala kwa kulala chumba kimoja, wala hautumwi na mtu.

Dalili zake kuu ni nne. Ya kwanza ni kutetemeka kwa mkono au mguu uliotulia. Mkono ukitumiwa, tetemeko hupungua. Ya pili ni ukakamavu wa viungo. Ya tatu, ambayo kwa madaktari ndiyo kiini, ni uzito wa kutenda: hatua fupi za kuburura, mkono usiopunga wakati wa kutembea, kula kunakochukua saa nzima. Ya nne, ambayo huja baadaye, ni kukosa mizani na kuanguka. Mara nyingi dalili huanza upande mmoja wa mwili, kisha huenea upande wa pili.

Zipo na dalili nyingine ambazo wengi hawazihusishi na ugonjwa huu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya maradhi haya yaweza kutanda miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Mtu hupoteza uwezo wa kunusa, asitambue harufu ya samaki wa kukaanga. Hufunga choo. Usingizini hupiga kelele, hurusha ngumi na mateke, kwa kuwa anaigiza ndoto zake. Baadaye uso hupoteza mikunjo ya furaha na huzuni ukawa kama kinyago. Macho hukodoka na kope hupepesa kwa nadra. Mgongo huinama. Mate humtoka kwa kuwa kumeza kumekuwa kuzito. Wengine huingiwa na huzuni nzito. Wengine, hasa ugonjwa ukikomaa, huona watu au wanyama ambao hawapo, na kuzungumza nao.

Msomaji mpendwa, rudia kuisoma aya iliyotangulia, kisha jiulize ni wapi pengine umewahi kuisikia orodha hiyo. Mzee ambaye hatabasamu. Mzee anayekukazia macho bila kupepesa. Mzee anayepiga kelele usiku wa manane. Mzee anayeongea na wasioonekana. Katika vijiji vyetu, orodha hiyo hiyo husomwa kuwa ushahidi wa uchawi. Kitabu cha tabibu na maneno ya kijiweni vinaelezea mwili mmoja kwa tafsiri mbili, na moja kati ya tafsiri hizo huua.

Sisemi haya kwa kutia chumvi. Kwa miaka mingi sasa, Kilifi imetajwa katika magazeti na katika ripoti za watetezi wa haki kwa sababu ya wazee wanaouawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao kwa panga na wengi wao mikononi mwa vijana wa koo zao wenyewe. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hizo. Wazee waliopaswa kuzungukwa na wajukuu wanazeekea ugenini. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyotungwa mwaka 1925, iliweka wazi kwamba kumtuhumu mtu uchawi pasipo kufikisha madai kwa mamlaka husika ni kosa. Lakini sheria haijautuliza moyo wa kijana aliyekwisha kuaminishwa kwamba babu yake ndiye aliyemla ndugu yake.

Wala sidai kwamba kila mzee aliyeuawa alikuwa mgonjwa. Waama, wengi wanaolifuatilia jambo hili wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma pana tamaa ya shamba: mzee akiondoka, ardhi inagawanywa au inauzwa. Ninalosema ni kwamba tamaa huhitaji kisingizio, na mwili unaotetemeka, unaoinama na usiotabasamu ni kisingizio chepesi. Tukikiondoa kisingizio, mwenye tamaa atabaki uchi mbele ya jamii na mbele ya sheria.

Nimeyaona maradhi haya karibu. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika sehemu hizo kwa zaidi ya miaka 30. Hati yake ubaoni ilikuwa fahari ya shule. Wanafunzi wake tulimwiga hata namna ya kuikata herufi ya t. Katika miaka yake ya mwisho ya kazi hati ile ilianza kusinyaa. Sentensi ilianza kwa herufi kubwa upande wa kushoto, na ilipofika upande wa kulia herufi zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Wanafunzi wa nyuma walilalamika. Kisha sauti yake nayo ikapungua. Mtu aliyekuwa akiita sajili ikasikika mpaka barabarani, akawa haisikiki mpaka dawati la tatu. Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu amelegea. Mkono ulipoanza kutetemeka, baadhi ya wazazi wakasema ni mnazi, ilhali mjomba hakuwahi kuonja pombe maishani mwake.

Kusinyaa kwa hati na kufifia kwa sauti ni dalili zinazojulikana vema za ugonjwa wa Parkinson. Mwenyewe hudhani anasema kwa sauti ya kawaida, na huwashangaa wanaomwambia arudie. Matamshi hupoteza kiimbo. Swali husikika kama taarifa, na utani husikika kama hasira. Kwa sisi tunaosoma lugha, hilo ni jambo la kuhuzunisha kwa namna ya pekee: mtu amebaki na maneno yake yote na akili yake yote, ila amenyang'anywa muziki wa kuyasemea. Jamii nayo, badala ya kumsogelea ili imsikie, humhukumu kuwa ana kiburi.

Mjomba alizungushwa kwa miaka minne. Mganga mmoja alisema ni pepo wa ukoo. Mwingine alisema amerogwa na mwalimu mwenzake aliyekitaka cheo chake, na kauli hiyo ikavunja urafiki wa miaka 20. Katika kituo kimoja cha afya aliambiwa ni uzee. Hatimaye daktari mmoja kijana alimwomba atembee kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi, kisha aandike jina lake. Hakumtoa damu wala hakumpiga picha ya mashine. Kwa dakika 15 alikuwa amekwisha kuutambua ugonjwa.

Hilo nalitaja kwa makusudi. Utambuzi wa ugonjwa huu hutegemea zaidi macho, masikio na mikono ya tabibu aliyefunzwa. Vipimo vya maabara na picha hutumika hasa kuyaondoa maradhi mengine yanayofanana nao, maana si kila kutetemeka ni Parkinson. Kuna tetemeko la kurithi linalojitokeza mtu anapoinua kikombe, si anapopumzika. Kuna tetemeko la tezi ya shingo, na la mlevi aliyeikosa pombe. Tena zipo dawa, kama haloperidoli na nyingine za maradhi ya akili, ambazo zaweza kuleta hali inayofanana kabisa na Parkinson. Kwa hiyo mgonjwa aende na dawa zote anazotumia ili tabibu azione. Mganga wa kienyeji hawezi kuyatenganisha haya, na jirani hawezi kamwe.

Swali la kujiuliza ni hili: wako wangapi kama mjomba? Jibu la kutufumbua macho limetoka kwa jirani zetu wa Tanzania. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson kijiji kwa kijiji, katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008, waliwapata 33, na wengi miongoni mwao hawakuwa wamewahi kuambiwa na tabibu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao bila jina. Watafiti hao hao walipokwenda kuwahoji wagonjwa, jamaa zao na waganga, walikuta maradhi hayo yakiitwa ugonjwa wa kutetemeka tu, na sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, kurogwa ikiwa mojawapo. Hai ni mbali na Kakuyuni kwa mwendo, lakini kwa mawazo ni mtaa wa pili.

Idadi ya 33 yaweza kuonekana ndogo. Lakini ugonjwa huu ni wa wazee, na wazee wanaongezeka kila mwaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nao ulimwenguni. Maradhi tuliyodhani ni ya Wazungu yamekuwa nasi siku zote. Kilichokosekana ni macho ya kuyaona.

Je, yana tiba? Dawa ya kuuondoa kabisa ugonjwa huu haijapatikana. Lakini kutoondolewa si kutotibika. Kisukari na shinikizo la damu nayo hayaondoki, na hakuna anayesema wagonjwa wake waachwe. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa iliyowapumbaza wakalala bila kujimudu. Alipowachoma kitu kiitwacho levodopa, sungura wakainuka. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz wa Vienna alionyesha kwamba ubongo wa waliokufa na Parkinson ulikuwa na upungufu mkubwa wa dopamini, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Walther Birkmayer walitangaza kwamba wagonjwa waliodungwa levodopa waliweza kusimama na kutembea. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, akaonyesha kwamba dawa hiyo yaweza kumezwa, kwa kuanza na kipimo kidogo na kukiongeza taratibu. Carlsson alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Levodopa ndiyo dawa kuu hadi leo. Ikifika ubongoni hugeuka dopamini. Huchanganywa na nyingine iitwayo kabidopa, ambayo huizuia isigeuke kabla ya kufika huko na hivyo hupunguza kichefuchefu. Mchanganyiko huo umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zipo dawa nyingine za kusaidia, na nchi zilizoendelea zina hata upasuaji wa kuweka nyaya nyembamba ubongoni kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini kwa mtu wa Kakuyuni, msingi ni levodopa.

Matumizi yake yana adabu yake. Humezwa kwa saa maalumu, si mtu anapokumbuka; dozi iliyochelewa yaweza kumganda mgonjwa kitini. Vyakula vyenye protini nyingi, kama nyama, samaki, kunde na maharagwe, hushindana nayo kuingia mwilini; kwa hiyo aghalabu hushauriwa imezwe nusu saa au zaidi kabla ya chakula. Kamwe isikatizwe ghafla, maana kuikatiza kwaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa hatari. Baada ya miaka kadhaa, nguvu yake yaweza kuisha kabla ya dozi inayofuata, au viungo vikaanza kuchezacheza bila kutakiwa. Hapo mgonjwa hurudi kwa daktari apangiwe upya, hajipangii mwenyewe.

Jambo moja litawashangaza wanafunzi. Mbegu za upupu, ule mmea ambao watoto watundu huutumia kuwawasha wenzao, zina levodopa kwa wingi. Nchini India mmea wa jamii hiyo umetumiwa katika tiba ya jadi kwa karne nyingi, na majaribio madogo ya kitabibu, likiwemo moja la Bolivia lililochapishwa mwaka 2017, yameonyesha kwamba unga wa mbegu hizo huweza kuwapa wagonjwa nafuu. Hata hivyo nawasihi wasomaji wasikimbilie vichakani. Kiasi cha dawa hutofautiana kutoka mbegu moja hadi nyingine, mbegu hazina kabidopa, na kipimo kisichojulikana huleta kutapika, kushuka kwa shinikizo la damu na kuchanganyikiwa. Linalofaa ni vyuo vyetu vikuu kuuchunguza mmea huo hapa pwani unakoota wenyewe, ili siku moja upatikane kwa kipimo na kwa bei ya mnyonge.

Maana bei ndiyo kikwazo. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu upatikanaji wa dawa za Parkinson hapa Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, ulidhihirisha kwamba dawa hizo hazikuwa katika kila duka la dawa na kwamba gharama yake ilikuwa mzigo mzito kwa wengi. Mabingwa wa mishipa ya fahamu nao ni wachache na hukaa miji mikubwa. Mkulima wa mihogo na korosho atakayeuza mbuzi ili anunue dozi ya mwezi, mwezi unaofuata atauza nini? Hapa serikali ya kaunti ina wajibu: levodopa ifike hospitali za Malindi na Kilifi bila kukatika, na maafisa wa kliniki wa zahanati wafunzwe kuutambua ugonjwa. Kilifi ni mji wenye kituo cha utafiti wa kitabibu chenye sifa duniani, kilichoanzishwa na KEMRI na Wellcome Trust mwaka 1989. Haifai wagonjwa wa Parkinson walio mwendo mfupi kutoka hapo waishi gizani.

Kando ya vidonge, yapo mengi ambayo hayahitaji fedha. La kwanza ni mazoezi. Mwili wenye Parkinson ukiachwa ukae, hukakamaa zaidi. Mgonjwa atembee kila siku, ajinyooshe, alime kidogo akiweza. La pili ni mdundo. Mtu ambaye miguu imemganda mlangoni mara nyingi huweza kuvuka akihesabiwa moja, mbili, au akichorewa mstari sakafuni auruke. Huko Hai, watafiti waliwafunza wagonjwa ambao hawakuwa wamepata dawa kutembea kwa kufuata mdundo, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 mwendo wao ulikuwa umeimarika. Nani ana utajiri wa midundo kuliko sisi, wenye mwanzele na ngoma nyingine? Mjukuu mwenye debe na vijiti viwili ni msaada mkubwa kwa babu yake.

La tatu ni sauti. Mgonjwa ajizoeze kila siku kuvuta pumzi na kusema kwa nguvu, asome gazeti kama anayehutubia baraza. La nne ni nyumba: mikeka na mabusati yanayokunja kingo yaondolewe njiani, kiti kiwe cha juu kidogo chenye mikono, taa iachwe ikiwaka usiku kwenye njia ya chooni. La tano ni chakula: maji ya kutosha, mapapai, maembe na mboga kwa ajili ya kufunga choo, na tonge dogo dogo ili asipaliwe. La sita, ambalo wengi hulisahau, ni moyo. Huzuni ya mgonjwa huyu si udhaifu wa imani. Ni sehemu ya maradhi, nayo hutibika. Vivyo hivyo, anayemtunza apumzishwe, maana mara nyingi ni mwanamke mmoja anayebeba mzigo wa ukoo mzima.

Wasomaji wa rika langu wanamkumbuka Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwezi Oktoba 1974 huku umati ukimshangilia. Mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 42, aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1996 aliinuka mbele ya ulimwengu mzima huko Atlanta, mkono mmoja ukimtetemeka, akauwasha mwenge wa Michezo ya Olimpiki. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 74. Hakuna aliyemwita mchawi. Watu walilia kwa heshima. Tetemeko lake na la mzee wa Kakuyuni ni ndugu. Kilichotofautiana ni elimu ya waliokuwa wakitazama.

Ndiyo maana nawageukia walimu na wanafunzi. Katika somo la sayansi, mwalimu anapofundisha ubongo na mishipa ya fahamu, atumie dakika kumi kuieleza dopamini na yale yanayotokea inapokosekana. Katika somo la Kiswahili, awape wanafunzi insha juu ya wazee wao: wanatembeaje, wanasemaje, wanahitaji nini. Katika mikutano ya wazazi, afisa wa kliniki aalikwe azungumze. Na tusiogope kulitumia jina lenyewe. Wako wanaotaka tuseme ugonjwa wa kutetemeka. Kwa maoni yangu jina hilo ni finyu, kwa kuwa linawaacha nje wagonjwa wasiotetemeka na kuwaingiza wanaotetemeka kwa sababu nyingine. Kiswahili kimekaribisha malaria na saratani bila kupungukiwa. Kitalikaribisha na jina la Parkinson.

Wanafunzi ndio ninaowatazamia zaidi. Katika kesi nyingi za mauaji ya wazee, wanaotuhumiwa kuinua panga ni vijana, na kijana aliyefundishwa kuusoma uso usiotabasamu kuwa ni maradhi hatakubali kwa wepesi kuambiwa kwamba ni uovu. Atauliza maswali. Atasema: mama, tumpeleke babu hospitali kwanza. Sentensi hiyo fupi, ikitamkwa katika ua mmoja wa Kakuyuni jioni moja ya mashaka, yaweza kuokoa maisha ya mtu. Tuwafundishe watoto wetu kuitamka.